Noti ile ile, jana pesa, leo karatasi: thamani inatoka wapi?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni fundi cherehani, niko Mbagala Rangi Tatu. Bibi yetu alipofariki tulikuta kwenye sanduku lake bahasha ya noti za zamani, jumla yake zaidi ya laki mbili. Nilipozipeleka benki nikaambiwa muda wa kubadilisha umeshapita. Noti ni zile zile, picha zile zile, jana pesa, leo karatasi. Sasa thamani yake ilikuwa imekaa wapi? Kaka yangu anasema pesa ina thamani kwa sababu ya dhahabu iliyoko Benki Kuu. Kama ni hivyo, si tuchimbe zaidi na tuchape zaidi, shida ziishe? La mwisho: nataka kupanga fremu Kariakoo, mwenyewe anadai alipwe kwa dola, eti shilingi inayeyuka. Ana haki?

Jibu: Marahaba binti, na poleni sana kwa kuondokewa na bibi.

Nianze na bahasha, maana ndiyo iliyokuuma. Benki hawakukuonea. Benki Kuu ilitangaza kwamba noti za matoleo ya mwaka 1985 hadi 2003, pamoja na ile ya mia tano ya mwaka 2010 yenye picha ya Mzee Karume, zirudishwe na kubadilishwa kuanzia tarehe 6 Januari hadi tarehe 5 Aprili 2025. Siku hizo zilipokwisha, zikaacha kuwa fedha halali. Hakuna mlango wa nyuma. Akikutokea kijana anayesema ana mtu wake wa kukubadilishia kwa makato kidogo, mpishe njia. Wapo watu wanaokusanya noti za kale, na noti safi isiyo na mkunjo inaweza kupata mnunuzi, lakini zilizofungwa kwenye pindo la khanga miaka yote hiyo usizipigie hesabu ya jora la kitambaa.

Sasa swali lenyewe, ambalo ni zuri kuliko unavyodhani. Ungeliuliza chuoni ungewagawa wahadhiri.

Kilichopotea hakikuwamo kwenye karatasi. Karatasi ipo, wino upo, tembo yupo na pembe zake. Kilichotoka ni jambo moja tu: hakuna tena mtu atakayeipokea. Ndiyo maana jibu langu fupi ni kwamba thamani ya pesa ni uhakika ulio nao kuwa mtu usiyemjua ataipokea kesho na kukupa kitu cha kweli, awe muuza unga, daktari au mwenye nyumba. Kazi iliyobaki ni kueleza uhakika huo unajengwa na nini, maana hapo ndipo kaka yako na mwenye fremu wote wawili wanapokosea, kila mmoja kwa upande wake.

Panda daladala kutoka Mbagala kwenda Kariakoo, mpe konda noti ya buku iliyobandikwa selotepu katikati. Ataigeuza, ataiinua juu, kisha atakurudishia: "Dada, hii haiendi." Kisheria noti ile ni pesa, na ungeipeleka benki wangeipokea na kukupa nyingine. Lakini konda hafikirii benki. Anamfikiria abiria atakayetaka chenji, muuza mafuta kituoni, na bosi atakayehesabu pesa yake usiku. Yaani anaipima noti kwa macho ya mtu wa mbele yake, na huyo naye ataipima kwa macho ya mwingine. Sote tunafanya hivyo kila siku bila kujua kwamba tunafanya uchumi.

Halafu angalia sarafu za shilingi 10 na 20. Hazijafutwa. Jaribu kununulia kitu Tandika uone. Bei ziliondoka huko chini siku nyingi, hakuna chenji inayozihitaji, na muuzaji atakuona unamchezea. Sheria inasema ni pesa, Tandika inasema si pesa, na Tandika imeshinda. Hapa kuna jambo ambalo watu wengi hawalioni: sheria inaweza kuua pesa kwa siku moja, kama ilivyoua noti za bibi, lakini kuipa uhai haiwezi peke yake.

Kuhusu kazi za pesa sitakaa sana, umezisoma shuleni: kubadilishana, kupima thamani, kuweka akiba. Nitaongeza neno kwenye hiyo ya pili kwa sababu huwa inapuuzwa. Nenda Feri alfajiri, kwenye mnada wa samaki pale Magogoni. Pweza, changu, dagaa, kila kitu kinatajwa kwa shilingi, na dalali hahitaji kujua mvuvi anataka kununua nini baadaye. Bila kipimo kimoja, mvuvi angelazimika kujua changu mmoja ni sawa na lita ngapi za petroli, mita ngapi za nyavu, vidonge vingapi vya malaria, na kila bei ingekuwa mazungumzo mapya. Wewe mwenyewe unapomwambia mteja gauni ni elfu thelathini, hujagusa noti hata moja, lakini pesa imeshafanya kazi. Mteja akikulipa kwa simu, hutaigusa kabisa. Sehemu kubwa ya pesa ya nchi hii ni tarakimu kwenye daftari za benki na za kampuni za simu, na benki ikimkopesha mtu milioni kumi haiendi kufungua kasha na kumhesabia noti za mteja mwingine, bali inaandika milioni kumi kwenye akaunti yake. Pesa hiyo haikuwepo asubuhi.

Tuje kwa kaka na dhahabu yake. Hakuropoka, ila amechelewa zaidi ya nusu karne. Kuanzia makubaliano ya Bretton Woods ya mwaka 1944, sarafu nyingi za dunia zilifungwa kwenye dola ya Marekani, na dola ikafungwa kwenye dhahabu kwa dola 35 kwa wakia moja. Serikali ya nchi nyingine ingeweza kupeleka dola zake Marekani ikapewa dhahabu. Tarehe 15 Agosti 1971 Rais Nixon alifunga dirisha hilo, na halijafunguliwa tena. Leo hakuna shilingi, dola wala yuro unayoweza kuipeleka benki kuu yoyote ukadai kipande cha dhahabu chenye uzito uliowekwa na sheria.

Ni kweli Benki Kuu yetu imekuwa ikinunua dhahabu ya hapa nchini miaka hii ya karibuni. Hiyo ni akiba, sawa na dola inazoziweka kwa ajili ya kulipia mafuta na dawa kutoka nje nchi ikibanwa. Inasaidia watu kuiamini shilingi, sikatai. Lakini haibadilishwi kwa noti yako.

Nimpe kaka haki yake kidogo, maana historia ya hapa hapa kwetu inamtetea. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliokuwa wakitawala Tanganyika walizuiwa baharini na Waingereza, pesa mpya ikawa haifiki kutoka Ulaya. Wakachapa noti zao za muda humu humu nchini, Dar es Salaam ikiwemo, kwenye karatasi yoyote iliyopatikana. Mwaka 1916 wakaenda mbali zaidi: huko Tabora, kwenye karakana ya reli, wakatengeneza sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Zilitoka zipatazo 16,000. Serikali iliyotoa vitu hivyo viwili ikashindwa vita. Aliyebaki na noti alibaki na karatasi ya serikali isiyokuwepo. Aliyebaki na tembo wa Tabora alibaki na dhahabu, na leo sarafu hiyo inatafutwa na wakusanyaji dunia nzima. Kwa hiyo ndiyo, dhahabu haimtegemei aliyeipiga chapa. Ila ukiishika Mbagala leo huwezi kununulia nauli, na hilo kaka hakukuambia.

Kama si dhahabu, basi ni nini kinachotufanya tuitake shilingi kwa lazima? Sababu ya kwanza wengi hawaipendi: kodi. Mwaka 1897 Wajerumani walitangaza kodi ya nyumba, rupia tatu kwa kibanda cha kijijini. Mzee wa Uzaramo aliyekuwa na mihogo yake, kuku wake na shamba lake hakuwa na haja yoyote na rupia. Kuanzia siku ile akawa nayo. Aizalishe vipi? Auze kitu, au akafanye kazi kwa mwenye rupia, na mwenye rupia alikuwa mzungu wa shamba au serikali yenyewe. Mwanzoni mazao yalipokelewa pia, lakini kadiri miaka ilivyokwenda waliitaka pesa taslimu. Ulikuwa ukatili, na kodi hiyo ilikuwa moja ya manung'uniko yaliyowasha Maji Maji mwaka 1905. Lakini kama njia ya kuifanya pesa ngeni itafutwe na watu wasioihitaji, ilifanya kazi sawasawa. Leo TRA haitumii viboko, ila mantiki ni ile ile. Kila mfanyabiashara nchini ana deni la serikali linalolipwa kwa shilingi, kwa hiyo kila mmoja lazima azitafute, na wewe ukiwa nazo una hakika yupo anayezitaka.

Usije ukadhani serikali ndiyo kila kitu, ingawa wapo wasomi watakaokuambia hivyo. Jirani zetu wa Somalia walipoteza serikali kuu mwaka 1991, na benki kuu yao ikafa nayo. Kwa nadharia ya kodi, shilingi ya Kisomali ingepaswa kufa wiki hiyo hiyo. Haikufa. Watu waliendelea kuuziana kwayo kwa sababu kila mmoja alijua mwenzake bado anaipokea. Kisha wafanyabiashara wakaanza kujichapishia noti nje ya nchi na kuziingiza kwa shehena, hasa ya elfu moja, mpaka thamani yake ikashuka kukaribia gharama ya karatasi na uchapaji. Pesa inaweza kuishi bila serikali. Isichoweza ni kuishi kwa heshima bila mtu wa kuzuia uchapaji.

Na hapo ndipo penye jibu la "tuchape zaidi." Unacheza mchezo na wenzako, nina hakika, mafundi wa Mbagala hawakosi upatu. Fikiria mko kumi, kila mmoja ana zamu yake, na katibu anaanza kuwauzia watu wa nje nafasi bila kuwaambia. Daftari linakua nene, kila mtu ana haki yake imeandikwa vizuri, ila chungu ni kile kile. Siku mkigundua, hakuna atakayetaka zamu ya mwisho.

Haihitaji hata mashine ya kuchapa. Pwani yetu hii ilishawahi kuharibu pesa ya watu wengine kwa makombe ya baharini. Afrika Magharibi walitumia kauri kama pesa kwa karne nyingi, kauri ndogo kutoka Maldives, na zilishika thamani kwa sababu kuzifikisha huko ilikuwa shida. Katikati ya karne ya 19, wafanyabiashara wa Hamburg waligundua kwamba kauri za aina nyingine, kubwa kidogo, zinaokotwa kwa wingi pwani ya Afrika Mashariki. Wakazinunua Unguja kwa bei ya kutupa, wakazipakia melini, wakazimwaga Afrika Magharibi. Wao walitajirika. Kule bei za vitu zikapanda mwaka hadi mwaka, na bibi aliyeweka akiba yake ya kauri kwenye mtungi akawa na mtungi mzito usionunua kitu. Kauri hazikuharibika wala kufutwa na yeyote. Ziliongezeka kuliko mihogo na mafuta ya mawese ya kununua.

Kwetu funzo lilikuja miaka ya 1980, na ukiwauliza wazazi wako watakuhadithia hadi usiku. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, vita vya Kagera vimekula hazina, mafuta ya petroli yamepanda bei, viwanda havina vipuri. Serikali ilikuwa inatumia zaidi ya inachokusanya, na pengo likawa linazibwa kwa kukopa Benki Kuu, ambako ni sawa na kuchapa. Mfumuko wa bei ukazidi asilimia 30 kwa mwaka. Lakini asilimia hiyo haielezi hali ya Dar es Salaam ya wakati ule. Mtu alikuwa na mshahara mfukoni na hakuna sabuni. Ulipanga foleni duka la ushirika bila kujua kinachouzwa, ukifika mbele ndipo unaambiwa leo ni dawa ya meno. Vitenge vilikwenda kwa kujuana. Serikali ikapanga bei kwa amri, na mwaka 1983 ikawasaka wahujumu uchumi nyumba kwa nyumba. Wapo waliotupa bidhaa usiku wasikutwe nazo. Kulikuwa na walanguzi wa kweli, sikatai, ila kwa maoni yangu walikuwa dalili tu. Noti zilikuwa nyingi na bidhaa chache, na bei iliyokatazwa mlango wa mbele iliingia kwa mlango wa nyuma. Pesa ni hati ya kudai kazi na mali za watu wengine. Mali zisipokuwepo, hati haidai kitu, hata iwe na saini ya gavana.

Ukitaka kuona tofauti ya kuzuia na kutokuzuia bila kutoka Afrika Mashariki, tazama shilingi tatu. Hadi mwaka 1966 Tanzania, Kenya na Uganda zilitumia shilingi moja, iliyotolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki. Benki Kuu yetu ilifungua milango Juni 1966 chini ya gavana Edwin Mtei, na Kenya na Uganda zikatoa za kwao mwaka huo huo. Zilianza sawa kwa sawa: shilingi moja ya Nairobi, moja ya Kampala, moja ya Dar es Salaam. Leo shilingi moja ya Kenya ni karibu shilingi 20 zetu, juu kidogo au chini kidogo. Uganda ilipita kwenye tanuri zaidi: mwaka 1987 ilifuta sifuri mbili, shilingi mia za zamani zikawa moja mpya, na hata baada ya hapo dola moja ni zaidi ya shilingi 3,000 zao. Watoto watatu wa tumbo moja. Usichukulie kwamba Mkenya ni tajiri mara ishirini kuliko wewe, maana mshahara na bei navyo vimehama. Ukubwa wa tarakimu si kitu. Kinachoumiza ni kasi inayobadilika nayo, kwa sababu ndiyo inayomla aliyeweka akiba.

Sasa mwenye fremu. Anaposema shilingi inayeyuka, ana historia upande wake: mwaka 1966 dola moja ilikuwa shilingi saba na senti kadhaa, leo inazunguka kwenye 2,500. Lakini sehemu kubwa ya anguko hilo ilitokea kati ya mwaka 1980 na 2000. Kwa zaidi ya miaka kumi sasa mfumuko wa bei haujafika tarakimu mbili, na miaka hii ya karibuni umekuwa karibu asilimia 3. Anakutoza kwa hofu ya baba yake. Asilimia 3 si sifuri, usinielewe vibaya: milioni moja iliyofungiwa kwenye kibubu mwaka mzima itanunua kile ambacho laki tisa na sabini zingenunua mwanzoni. Kwa hiyo usiweke kibubu. Lakini hiyo si sababu ya kukubebesha wewe hatari ya dola. Katika mwaka 2024 na 2025 dola ilipanda hadi karibu 2,700 na kushuka hadi karibu 2,400. Fremu ya dola 200 ingekuwa laki nne na themanini mwezi mmoja, na laki tano na arobaini mwezi mwingine, wakati wateja wako wanakulipa kwa shilingi na gauni ni bei ile ile.

Na haki hana. Kanuni za Matumizi ya Fedha za Kigeni, zilizotangazwa tarehe 28 Machi 2025, zinakataza kutaja bei au kudai malipo ya bidhaa na huduma za hapa ndani kwa fedha za kigeni, ukiacha mambo machache yaliyotajwa humo, na fremu ya Kariakoo haimo. Huna haja ya kwenda kumtishia kwa sheria, maana unataka kuishi naye vizuri. Mwambie mwandike pango kwa shilingi, na kama anaogopa bei kupanda, liwekwe kwenye mkataba ongezeko la asilimia 4 au 5 kila mwaka. Hapo hofu yake imelipwa na wewe unajua cha kujiandaa nacho. Kabla hujamkabidhi pesa, mkumbushe pia kodi ya zuio ya asilimia 10 ya pango, ambayo mpangaji mfanyabiashara huikata na kuipeleka TRA kwa niaba ya mwenye nyumba. Hiyo itakwenda kwa shilingi, apende asipende.